Pampu ya Hefin Koti

Siagi ilikuwa haipakiki. Hefin Koti aliikwangua kwa kisu, ikatoka vipande vipande kama chaki, mkate ukachanika katikati, akaula hivyohivyo amesimama, koti mwilini, kofia kichwani, ndani ya jiko lake mwenyewe. Novemba ilikuwa imeshaingia na kujikalisha. Dirishani ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapipa ya taka, na pumzi yake humu ndani ilikuwa inatoka nyeupe kuliko ule ukungu.

Mtaa ule kila mtu ana jina la pili, maana akina Jones ni wengi kuliko milango. Mostyn Maziwa aliwahi kusambaza maziwa. Menna Posta alikaa dirisha la posta mpaka walipoifunga. Na Hefin ni Koti kwa sababu ikifika Septemba analivaa, na halivui ndani wala nje mpaka mwaka mwingine. Si kwamba hana joto. Boila anayo, ile mashine ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba, iko kwenye kabati la jikoni, ya zamani lakini nzima. Hawashi tu. Pale mtaani kuwasha joto mapema ni aibu, ni kama kukutwa barabarani na taulo.

Tena kuna mashindano. Pasaka ikipita, nyumba zote zinazima joto. Maji ya kuoga ruksa, hayo hayahesabiwi. Wa mwisho kuwasha anakabidhiwa beleshi la makaa ya mawe, la enzi za mgodi, limepakwa rangi ya dhahabu, analitundika juu ya meko watu wakija walione. Mwamuzi ni Menna Posta. Haombi ruhusa huyo. Anafungua mlango, anaweka kiganja kwenye rejeta ya dirishani, lile bati la ukutani linalopitishwa maji ya moto, anatoka zake. Na beleshi limekaa kwa Hefin miaka mingi mpaka rangi imepakwa upya mara mbili.

Lakini asubuhi ile Hefin alimaliza mkate wake, akafuta vidole kwenye koti, akasema peke yake, "Basi. Imetosha."

Eirlys alikuwa anarudi nyumbani.

Eirlys ndiye mkewe. Mwezi wa saba alianguka bustanini akichuma maharage, nyonga ikavunjika, wakamlaza, nyonga ikapona kifua kikambana. Hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, mpaka maharage yenyewe yakakauka kwenye miti yake hakuna wa kuyachuma. Sasa daktari amemruhusu. Na jana yake binti yao, Lowri, alikuwa amepiga simu.

"Baba, kesho saa tisa nakuja na mama. Daktari kasema kifua chake hakitaki baridi hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nikikuta nyumba baridi sishushi hata begi. Napitiliza naye kwangu Bristol."

"Itakuwa na joto."

"Ulisema hivyohivyo nilipokuja na mtoto mchanga. Mwanangu akalala na kofia mbili."

"Mbona alikua?"

"Baba!"

"Haya, haya. Huko Bristol ni mpaka lini?"

"Mpaka baridi iishe tu."

Hefin akahamishia simu sikio la pili. Anaijua hiyo "mpaka baridi iishe." Tegwen wa nyumba ya kona alichukuliwa na mwanawe hivyohivyo, na begi moja dogo, mpaka baridi iishe. Baridi yake haijaisha mpaka leo, na dirishani kwake kuna kibao kimeandikwa INAUZWA.

*

Kabla ya kuwasha, alienda kwanza kwa Mostyn. Mashindano ni mashindano, huwezi kujisalimisha kimyakimya kama mwizi. Walikuwa wamebaki wawili tu mtaa mzima, yeye na Mostyn, wamepakana ukuta.

Mostyn alifungua mlango amevaa sweta mbili na shali ya mkewe.

"Umekuja kuota moto?" akauliza. "Hapa hakuna."

"Nawasha," akasema Hefin.

"Unawasha nini?"

"Usinifanye niseme mara mbili, Mostyn."

Mostyn akamtazama. Halafu uso ukaanza kumfunguka taratibu, kutoka kidevuni kupanda juu. "Ngoja. Ngoja kwanza. Hefin Koti anawasha joto? Mbele yangu mimi?"

"Eirlys anarudi."

"Mungu ambariki Eirlys! Mungu amwongezee siku! Menna! Menna wee, njoo usikie, dunia imepinduka!"

Basi mtaa mzima ukasikia. Walirudi watatu nyumbani kwa Hefin, yeye mbele kama mtu anapelekwa polisi, Mostyn nyuma anapiga mluzi, Menna Posta anavua glavu tayari kwa kazi. Hefin akafungua kabati, akabonyeza swichi, boila ikanguruma, moto wa buluu ukaonekana kwenye kidirisha chake. Hefin akakaza uso.

Menna akaweka kiganja kwenye rejeta ya dirishani. Wakangoja. Mostyn akasogea kulitazama beleshi juu ya meko, akalipulizia vumbi kama ameshalibeba.

"Baridi," akasema Menna.

"Ipe muda."

Wakaipa muda. Menna akajaribu kiganja cha pili. "Baridi kama pua ya mbwa. Hefin, umewasha au umetangaza tu?"

"Sikia inavyonguruma!"

"Nasikia. Hata mume wangu ananguruma kila asubuhi, hajawahi kupasha kitu."

Jikoni boila ikaanza kutoa sauti ya birika linalotaka kuchemka, ikagonga mara mbili, ikazima yenyewe. Hefin akagusa bomba linalotoka kwenye boila, akaruka. La moto! Akagusa rejeta ya jikoni, hatua tatu tu kutoka pale. Maiti. Akapanda juu, akagusa ya chumbani, akagusa ya bafuni. Maiti zote. Moto upo, lakini umekaa palepale ulipozaliwa, hautembei.

Akapiga simu kwa mafundi. Wakampigia muziki. Muziki ukaisha, ukaanza tena, halafu akaja binti mmoja mwenye sauti ya kutabasamu.

"Tunaweza kumtuma fundi Alhamisi, kati ya asubuhi na jioni."

"Leo Jumatatu, dada yangu. Mke wangu anafika leo."

"Je, kuna mtu ndani ya nyumba mwenye hali hatarishi?"

"Bado hajafika. Akifika ndipo atakuwepo, na akikuta baridi hatakuwepo tena!"

"Kwa hiyo kwa sasa hakuna?"

Hefin akatazama simu. Mbele ya Menna na Mostyn, mtu mzima wa miaka yake, akasema kwa unyonge, "Tafadhali." Yule binti akampa pole, na Alhamisi ikabaki Alhamisi. Akakata simu. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Menna akavaa glavu zake. "Nitapita saa tisa," akasema kwa sauti ya chini, akatoka.

*

Mostyn alienda kwake akarudi na tochi na nyundo.

"Nyundo ya nini?"

"Ya kuzungumza nayo."

"Ukigusa kitu hapa kwa hiyo nyundo nitakuzungumzisha wewe."

Wakapiga magoti wote wawili mbele ya kabati, mifupa inalia. Chini ya boila, kwenye bomba nene, kulikuwa na kidude cha chuma cha mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, kina waya. Pampu, ndiyo inayosukuma maji ya moto kwenda kwenye rejeta. Hefin aliwasha swichi, akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka akakipuliza.

"Inaunguza. Na inatetemeka."

"Basi inafanya kazi," akasema Mostyn.

"Ingekuwa inafanya kazi ungekuwa umevua hiyo shali."

Hapo simu ikaita. Mikono ya Hefin ilikuwa myeusi ya vumbi na kutu, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka kubwa jiko zima.

"Hefin? Mimi hapa." Ni Eirlys. Sauti nyembamba, na kikohozi nyuma yake. "Lowri kaenda kuchukua dawa zangu, nimeona nikupigie. Ile sweta yangu ya kijani iweke kwenye rejeta ipate moto."

Hefin akaitazama rejeta ya jikoni.

"Hefin?"

"Hakuna moto, mpenzi wangu. Nimewasha, naapa nimewasha, hata Menna shahidi. Boila inawaka, rejeta hazipati kitu."

Eirlys akakohoa. Halafu akauliza, na sauti haikuwa ya mgonjwa tena, "Pampu inavuma au imenyamaza?"

"Inavuma. Kama nyuki kwenye chupa."

"Na ya moto?"

"Haishikiki."

"Imeganda hiyo. Hefin, uko peke yako?"

Hefin akamtazama Mostyn. Mostyn akatikisa kichwa kwa nguvu, sema uko peke yako, sema.

"Niko na Mostyn. Amenishikia tochi."

Wakamsikia anavuta pumzi kule hospitali. "Basi na asikie, mradi nilale kwangu leo. Pampu isipozungushwa muda mrefu inashika kutu, inaganda. Kaka yangu Elwyn, siku aliyotufungia, aliniambia: dada, hata kiangazi, kila mwezi iwashe kidogo, izunguke. Nami nikawa naiwasha."

"Unawasha lini? Joto tunazima Pasaka."

"Jumatano. Wewe ukienda klabuni kuviringisha tufe zenu."

Tochi ikateleza mkononi mwa Mostyn.

"Kila kiangazi?" akauliza Hefin.

"Kila kiangazi, mume wangu. Na madirisha nafungua, ukirudi usisikie joto wala harufu. Ulidhani pampu ya zamani hivi inaishi kwa maombi? Mwaka huu nilikuwa huku, ndiyo maana imeganda."

Mostyn alijikalisha juu ya ndoo. "Kumbe," akasema. "Kumbe lile beleshi miaka yote hii..."

"Mostyn, baadaye!" ikasema simu.

Hefin alikuwa anatazama sakafu. Beleshi lilimuuma, tusidanganyane. Aliona majirani wote waliopita mbele ya lile meko, wamevaa makoti, wanampa mkono wa hongera, na nyuma ya mkono ule Eirlys anapita na sinia la chai, kanyamaza. Lakini kuna kilichomuuma zaidi. Tangu mwezi wa saba alikuwa anakaa kando ya kitanda cha mkewe hospitalini kila siku, na kila siku Eirlys anauliza, nyumba iko salama? Anaanza hivyo, kama mtu mwenye neno. Na yeye badala ya kungoja hilo neno, anawageukia manesi kuwahadithia beleshi.

"Ungeniambia," akasema.

"Ulikuwa na furaha nalo sana, Hefin."

Mostyn akajifanya anaikagua tochi.

"Haya," akasema Hefin. Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Niambie nifanye nini."

*

"Zima umeme wake kwanza. Swichi ya ukutani, siyo ile ya boila. Umezima?"

"Nimezima."

"Sasa ngojeni ipoe. Fungueni mlango wa nyuma. Hiyo baridi yenu mliyoitunza itafaa kitu leo."

Wakafungua mlango. Upepo ukaingia kama mwenye nyumba. Wakangoja, Mostyn anarukaruka kwa miguu miwili, mpaka Hefin akaweza kuishika pampu.

"Usoni, katikati, kuna skrubu pana ya shaba, kama sarafu. Umeiona? Ifungue polepole. Maji yatadondoka, kwa hiyo weka kitu chini."

Mostyn akajaribu beseni, likakataa kupita kati ya mabomba. Bakuli likakataa. Sahani ikaingia ikapinduka. Nafasi yenyewe ilikuwa bapa, inataka kitu kipana chenye ukingo na mpini wa kushikia. Wakatazamana. Mostyn akatazama kule sebuleni, juu ya meko.

"Rangi itaharibika," akasema Mostyn, na kweli alikuwa na huruma.

"Lete."

Beleshi la dhahabu likaingia chini ya pampu kama lilitengenezwa kwa ajili hiyo. Hefin akafungua skrubu ya shaba, maji meusi tititi kama chai ya juzi yakaanza kudondokea juu ya dhahabu, rangi ikaanza kubanduka magamba magamba.

"Mmefungua? Ndani mtaona ncha ya chuma ina ufa. Huo ndio mhimili. Ingiza bisibisi, zungusha. Usiupige. Mostyn kaja na nyundo, sivyo?"

"Sikuja na nyundo," akasema Mostyn, akaisogeza nyuma kwa kisigino.

Hefin akaingiza bisibisi. Akazungusha. Haikwenda. Akakaza tena mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Vidole vyake vilimaliza ujana mgodini, na uzeeni yabisi imevikaza, vikamgomea, bisibisi ikamponyoka. Akaokota. Ikamponyoka tena. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa na yeye anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Sogea," akasema Mostyn. Akatoa spana mfukoni, akaibana kwenye shingo ya bisibisi. "Wewe sukuma isiteleze, mimi nitazungusha. Kushoto?"

"Kushoto."

"Kwangu au kwako?"

"Kwa pampu, mbuzi wewe!"

"Mbuzi ndiye amebeba spana."

"Nyinyi wawili," ikasema simu, "mtaoana lini?"

Wakacheka, na katikati ya kile kicheko, wote wawili wamejikaza, mmoja anasukuma mmoja anavuta, kitu ndani kikasema *tik*.

Wakasimamisha mikono.

"Imesema," akanong'ona Mostyn.

Robo. Nusu. Kutu ikatoka na maji, nyekundu. Hefin akaondoa spana, akashika bisibisi kwa vidole vyake mwenyewe, akazungusha mzunguko mmoja mzima, akazungusha mwingine, halafu ukawa unazunguka wenyewe laini kama kifuniko cha chupa.

"Eirlys! Inazunguka! Inazunguka, mama!"

"Rudisha skrubu kabla hamjazamisha jiko langu. Lowri huyo anakuja, nakata. Na Hefin, toa hewa kwenye rejeta za juu!"

Skrubu ikarudi. Umeme ukarudi. Boila ikanguruma, na safari hii pampu haikuvuma wala haikutetemeka. Ilinong'ona tu. Bomba likagonga, sakafu ikapiga kelele, maji yakaanza kukimbia ndani ya kuta, yanapanda, yanashuka, na kule sebuleni rejeta ya dirishani ikakohoa kama mzee anayeamka. Hefin akapanda ngazi mbili mbili na kiufunguo cha kutolea hewa, Mostyn akifunga mlango wa nyuma, akifunga madirisha, akiweka sweta ya kijani mahali pake, anapiga kelele toka chini, "Hii imepata! Na hii! Hefin, hata ya chooni imepata!"

*

Gari la Lowri lilisimama nje saa tisa na kidogo. Hakuzima injini. Alimwacha mama yake ndani ya gari amefunikwa blanketi, akaja mlangoni peke yake na uso aliokuwa ameuandaa njia nzima.

Menna Posta alikuwa ameshaingia. Alisimama dirishani, glavu moja mkononi, kiganja hewani.

"Tuanze," akasema Menna. Akakiweka kiganja. Akakitoa upesi, akakipuliza. "Huu ni moto."

Lowri hakumwamini. Akaweka chake. Akasogea rejeta ya pili, akaweka, akasogea mlango wa jikoni. Siagi ilikuwa mezani, inameremeta, imeanza kulala ubavu kwenye kisahani. Akageuka kumtazama baba yake, na hapo ndipo aliposhtuka kweli.

Hefin alikuwa amesimama katikati ya sebule na shati. Shati tu, limetoboka viwiko, mikono myeusi mpaka hapo, jasho linamtoka kwenye paji la uso.

"Baba," akasema Lowri. "Koti lako liko wapi?"

"Nimesikia joto," akasema Hefin. "Nikalivua."

Lowri akamtazama kutoka viwiko mpaka viatu. Uso wote aliokuja nao ukakosa pa kukaa. Akatoka nje, na wote watatu, Hefin, Menna na Mostyn, wakabaki wamesimama wanasikiliza barabarani.

Injini ikazimwa.

Mostyn akapiga ngumi hewani. Menna akamwambia asijitie wazimu, kisha yeye mwenyewe akapangusa jicho na glavu. Na Eirlys akaingia taratibu na fremu yake ya kutembelea, kakonda, nywele zimekuwa nyeupe kote, akasimama kizingitini, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu mpaka chini. Hakukohoa.

"Kwangu," akasema. Akafumbua macho. "Na hilo jiko limefanyaje, limepigwa bomu? Chai iko wapi?"

*

Menna alitoa hukumu wakati wa chai, baada ya kuelezwa habari za zile Jumatano za Eirlys, mkate wa zabibu ukizunguka mezani. Hefin ameondolewa, mwaka huu na miaka yote ya nyuma, maana joto la Julai ni joto. Mshindi ni Mostyn Maziwa, ambaye mpaka dakika hii hajawasha.

"Nani ana pingamizi?"

"Sina," akasema Hefin. Akamkabidhi beleshi kwa mikono miwili, limebanduka, lina doa jeusi katikati. Mostyn alilipokea kama mtoto mchanga. Miaka yote ile alikuwa anaota siku hii. Na alishukuru sana, alisema maneno mazuri, lakini kuondoka hakuondoka. Alikaa na beleshi lake mapajani, mgongo umeegemea rejeta, shali pembeni, kikombe cha tatu mkononi.

Eirlys, ndani ya sweta ya kijani iliyopata moto, alikuwa anamtazama.

"Mostyn," akasema.

"Naam, jirani."

"Na wewe una pampu kama yetu. Elwyn alizifunga zote mbili siku moja." Akanywa chai kidogo. "Yako ilizunguka lini mara ya mwisho?"

Mostyn akaacha kutafuna.

Hefin ndiye aliyecheka kwanza. Akainuka, akachukua bisibisi juu ya meza, akachukua spana, akamshika Mostyn kiwiko kumwinua. "Njoo, bingwa. Njoo na beleshi, tutalihitaji."

Wakatoka hivyo, mmoja na dhahabu yake, mwingine na shati lililotoboka, wanabishana kushoto ni wapi. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Koti lilibaki kwenye msumari.